Kaka Watatu Ndani ya Simu Moja

Kwa ambaye gazeti la wiki jana alifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitamkumbusha kwa ufupi. Naitwa Marietha, napika na kuuza chakula stendi ya Nangurukuru. Kibanda changu kiliungua, tukakijenga, kikaungua tena. Nilipokuwa bado nanuka moshi, binti yangu Justa, anayefanya kazi Lindi mjini, akaleta barua ya posa kutoka kwa kijana anayeitwa Laurenti, wa Mtanda, huko huko Lindi.

Barua ilikuwa nzuri, imechorwa maua pembeni. Mstari wa mwisho ulisema: "Tutafika Jumamosi saa nane mchana, na tunaomba mjomba wa binti awepo."

Hapo kwenye mjomba ndipo niliposhindwa kulala.

Msiotoka kwetu mtauliza mjomba wa nini, baba si yupo? Baba yupo. Mume wangu Anthony yupo sana, maana hana kazi inayomtoa nyumbani. Lakini kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Siku ya posa baba hupewa kiti na soda. Anayeulizwa kama posa imekubaliwa ni mjomba, na asipokuwepo wageni hunywa chai, wakaaga, wakarudi na barua yao.

Mimi nina kaka mmoja tu, Stephano, fundi cherehani. Tulikuwa hatujasemeshana miaka sita.

Sababu nitaisema hapa kwa kuwa gazeti haliniangalii usoni. Marehemu mama aliacha cherehani cha kukanyaga kwa miguu. Stephano alijifunzia ufundi juu yake, na kila mtu alijua anakitamani. Baada ya arobaini ya mama, cherehani kikapotea. Anthony akaniambia amemwona Stephano akikipakia kwenye lori usiku. Nami nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema nimeona kwa macho yangu.

Sikuona kitu. Nilikuwa nimelala.

Stephano hakubisha. Aliondoka siku ile ile kwenda Lindi, na jina lake likawa halitajwi nyumbani kwangu.

Miaka miwili baadaye nilikwenda Somanga kununua samaki, nikamkuta fundi mmoja kibarazani anashona kwa cherehani cha mama. Nilikijua kwa meza yake, kuna alama ya pasi niliyoiunguza mwenyewe utotoni. Nikamuuliza amekipata wapi. Akasema, "Aliniuzia bwana mmoja wa Nangurukuru, anaitwa Anthony."

Nikarudi nyumbani nikapika maharage. Anthony akala, akasifu chumvi. Mimi nikanyamaza, na nilikuwa nimenyamaza hivyo kwa miaka minne.

Sasa mnaelewa kwa nini barua yenye maua ilinitia homa.

Jumanne ya wiki ile Justa akanitumia kifurushi kwa basi. Ndani kulikuwa na simu yake ya zamani, aifoni, imefungwa kwenye soksi.

"Mama, hiyo simu yako ukiongea inazima," akaniambia alipopiga. "Siku ya posa utanitia aibu. Peleka kwa fundi akuhamishie namba, uanze kutumia hii."

Nikaenda kwa Hussen. Hussen ni mtu mzima mwenye miwani mbili. Moja ya kusomea, moja ya kuvaa kichwani. Alianza na saa za mkononi, akaja kwenye redio, sasa anatengeneza simu. Akaziweka zangu mbili mezani, akazitazama kwa muda.

"Hizi hazisalimiani," akasema.

"Zina ugomvi gani?"

"Hii ya zamani ni Android, hii ni aifoni. Ukitumia bluetooth, hii inaita, ile inajifanya haisikii. Lazima tupitishe kwenye akaunti. Akaunti yako ya Google ni ipi?"

"Sina."

"Unayo, ila huijui. Neno la siri?"

"Alifungua kijana aliyeniuzia simu."

"Yuko wapi?"

"Alihamia Masasi."

Hussen akavua miwani ya juu, akaishusha machoni. "Basi tutapitisha kwangu, kama wengine."

Nilipaswa kuuliza hao wengine ni kina nani. Lakini nilikuwa nimeacha wali jikoni, na mtu aliyeacha wali jikoni hana maswali marefu.

Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Akasema namba zangu zinapanda hewani kwenye akaunti yake, halafu zitashuka kwenye aifoni. Hakukuwa na waya hata mmoja. Nilitazama juu ya kibanda chake bila kujua natazama nini.

"Zimeshuka," akasema. "Sasa inauliza. Imeona majina yanayofanana, inataka iyaunganishe."

"Kuunganisha si jambo jema?"

"Ni jema."

"Basi unganisha."

Akaunganisha. Simu ya zamani akaifuta mbele yangu ikawa tupu, akaichukua iwe malipo yake, tukaagana vizuri.

Nyumbani nikafungua orodha. Nilikuwa na watu mia moja na kumi na nane tangu nianze kutumia simu. Sasa walikuwa elfu moja mia tatu na kitu. Nikadhani aifoni inakuja na watu wake. Nikafurahi, msinicheke.

Mimi kaka yangu mkubwa simwiti jina, hata kwenye simu. Nilimwandika "Kaka", kama mtu yeyote aliyelelewa. Ile namba alinipa siku ya msiba wa mama, na sikuwahi kuifuta hata pale nilipokuwa namtukana moyoni. Nikatafuta "Kaka", nikamkuta. Ila sasa alikuwa na namba tatu. Nikajisemea watu wa mjini ndivyo walivyo, laini moja haiwatoshi. Nikachagua ya juu.

Kupiga sikuweza. Ningesikia sauti yake ningekata. Nikaandika ujumbe.

Neno cherehani nililiandika mara tatu, nikalifuta mara tatu. Anthony alikuwa pembeni yangu anachokonoa meno.

"Unamwandikia nani, mbona unafutafuta hivyo?"

"Muuza mkaa," nikasema.

Basi nikaandika kiuoga, na ninaunukuu ujumbe wenyewe ili mnihukumu vizuri: "Kaka shikamoo. Lile jambo nimejua si wewe. Nilikukosea mbele ya ukoo, nisamehe. Jumamosi mwanao anaposwa na mjomba ni wewe. Njoo Nangurukuru, nitakupokea stendi. Dada yako."

Haukupita muda, jibu likaja. "Marahaba mdogo wangu. Umenitua mzigo. Nimelia mbele za watu. Kumbe umebadilisha namba. Nitakuja na basi la asubuhi. Nitakuletea jogoo."

Nililia juu ya sufuria. Stephano anaogopa kuku tangu utotoni, alidonolewa sikio. Nikasema miaka sita inambadilisha mtu, leo kaka yangu anasafiri na jogoo kwa ajili yangu. Nilimshukuru Mungu kwa lile neno "lile jambo", maana lilinipitisha pale nilipokuwa siwezi kupita.

Jumamosi saa nne nilikuwa stendi na khanga mpya. Basi likasimama. Wakashuka akina mama na ndoo, akashuka mwanajeshi, akashuka mzee mmoja mwenye kanzu na kofia, kwapani ana jogoo mwekundu. Wa mwisho alishuka kondakta, akafunga mlango.

Nikaandika: "Kaka uko wapi?"

Kwenye mfuko wa kanzu ya yule mzee kitu kikalia ting.

Akatoa simu, akasoma, akaangaza macho huku na huku. Nikasema labda ni bahati tu. Nikapiga. Simu yake ikaita, akapokea, na sauti yake nikaisikia kwenye masikio yote mawili.

"Dada, nimeshafika. Mbona sikuoni?"

Nikamsogelea. "Shikamoo. Wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi Bashiru, natoka Kiranjeranje. Nimekuja kwa dada yangu Hamida." Akaitazama simu yangu. "Bibi, simu ya dada yangu umeipata wapi?"

Hamida namjua. Anauza chapati, vibanda vitatu kutoka changu. Tunaazimana mwiko. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia kwamba ana kaka.

Kabla sijajibu, nyuma yangu sinia likaanguka.

"Kaka Bashiru!"

"Hamida!"

"Umekuja!"

"Umeniita, ningeachaje?"

"Miaka minane nakuita moyoni!" Hamida akamkumbatia na unga wake wote. Jogoo akaponyoka akaingia chini ya basi. Bashiru alikuwa analia, anasema, "Yameisha, alhamdulillahi, yameisha." Hamida naye anasema, "Nimekusamehe, kaka." Bashiru akasema, "Na mimi nimekusamehe." Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyetangulia kuomba radhi, nami sikuona haja ya kuwasahihisha.

Hadi leo sijui lile jambo la kwao lilikuwa nini. Lakini niliona wivu, na wivu wenyewe ulinichoma. Maneno yangu yamepatanisha watu, na mimi simo.

Bashiru akajifuta macho. "Haya, binti yako Esha anaposwa na nani?"

"Esha gani?" Hamida akashangaa. "Esha yuko kidato cha pili!"

"Nami nilisema ni mapema. Nilikuja kupinga, ila nilipanga kupinga kwa upole, tusianze ugomvi mwingine."

Nikawaacha wanakimbiza jogoo, nikaenda kwa Hussen mbio.

"Hussen, umenifanyia nini?"

"Nimekuhamishia namba."

"Za nani?"

Akaichukua simu, akashusha miwani. Akashusha na ya pili. Akapekua kwa muda mrefu.

"Naona wateja wangu wote wamo," akasema. "Hata mimi nimo. Mama Mkwe ana namba kumi na moja."

"Na Kaka?"

"Kaka ana tatu. Hii ya juu ni ya kaka wa Hamida, nilimhamishia mwezi uliopita. Mbili zilizobaki, moja ni ya kaka yako."

Sikujua kwamba Nangurukuru nzima inawaheshimu kaka zao kama mimi. Kama tungekuwa watu tusio na adabu, tukaandika majina, Stephano angekuwa Stephano na Bashiru angebaki Kiranjeranje na jogoo wake.

Hussen akapiga namba ya pili. Haipatikani. Akapiga ya tatu, akanipa.

"Kaka?" nikasema.

"Kaka yako nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Wewe ndiye unayempigia mume wangu kila Jumamosi ukijifanya dada? Leo nimekupata!"

Nikakata. Akapiga yeye. Nikakata tena. Hiyo haikuwa ya Stephano, mke wake nasikia ni mpole.

Ile ya pili nikaipiga mpaka saa sita. Haipatikani, haipatikani. Nikarudi nyumbani, nikamweleza Anthony kwamba mjomba hakupatikana. Sikusema nilikuwa nimemtafuta mjomba gani, na yeye hakuuliza.

Wakati huo Hamida alikuwa ameshakuja na kaka yake na chapati arobaini, kunishukuru kwa kumpokea mgeni stendi. Anthony akamtazama Bashiru kuanzia kofia hadi viatu.

"Mjomba si huyu hapa?" akasema.

"Huyu ni wa Hamida."

"Wageni wanatoka Lindi, watajua wapi? Hata ukoo wetu una Waislamu wengi. Mzee atakaa, ataitikia, tutakula. Stephano wa nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kutajwa ndani ya nyumba ile tangu aondoke, na aliyelitaja ni Anthony. Nilimkazia macho. Akahamia kwenye kupanga viti.

Bashiru akasema, "Leo nimefurahi sana, siwezi kukataa kuwa mjomba wa mtu. Lakini nitakaa tu. Uongo sitasema, nina udhu."

Nami nikakubali. Nasema ukweli, nilikubali. Justa wangu ana miaka ishirini na saba, na nilimsikia chumbani anaimba huku anavaa. Nisingeweza kuwarudisha watu na barua ya maua kwa sababu ya mdomo wangu.

Saa nane gari likafika. Wakashuka watu watatu wa upande wa kijana, wazee wawili na shangazi. Halafu akashuka wa nne, msemaji wao. Alikuwa na mvi ambazo sikuachana naye akiwa nazo. Kwenye ukosi wa shati alikuwa na pini mbili, kama fundi aliyesahau kuzitoa.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Stephano.

"Milele amina," wakaitikia waliokuwa na sauti.

Alipita mbele yangu akakaa kwenye mkeka wa wageni. Simu yake akaitoa mfukoni, akaiwasha. "Samahani, chaji niliitunza," akamwambia shangazi. Ikaanza kulia ting, ting, ting. Hizo zilikuwa taarifa za simu nilizompigia, zote kumi na nne. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi.

Justa akaletwa kusalimia. Hakushtuka kumwona mjomba wake hata kidogo. Nikalitazama gauni lake, la kitenge cha bluu, mabega yamekaa vizuri. Mshono ule naujua, hakuna mwingine anayekunja pindo namna ile. Hapo ndipo nilipofahamu mwanangu alikuwa anakula wapi kila Jumapili, miaka yote aliyokaa Lindi. Angenipeleka kwake siku yoyote ningemwomba. Sikuwahi kumwomba.

Stephano akakohoa. "Mimi ni msemaji wa kijana Laurenti, jirani yangu pale Mtanda. Upande wa binti sikuitwa, basi nimekuja na walioniita. Kabla hatujafungua mdomo, tunaomba kumjua mjomba wa binti."

Anthony akawahi. "Mjomba ndiye huyu, Mzee Bashiru."

Stephano akamgeukia kwa adabu zote. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe na mama wa binti mmezaliwa tumbo moja?"

Bashiru akanitazama mimi, akamtazama Anthony, akatazama kofia yake aliyoiweka gotini.

"Ndugu yangu, mimi sidanganyi. Nililetwa na ujumbe. Uliniita kaka, ukasema lile jambo si mimi, nije niwe mjomba. Nikaja. Kumbe mama huyu alikuwa anamtafuta kaka mwingine." Akatoa simu yake. "Usome mwenyewe. Kwangu mimi umeshafanya kazi."

Stephano akaupokea. Akausoma taratibu, midomo inacheza. Niliona akirudi mwanzo na kuusoma tena. Machozi yalianza kumlengalenga, nami nikaanza kutumaini.

"Ujumbe mzuri," akasema. "Uliandikiwa nani?"

"Wewe, kaka," nikasema.

"Unasema lile jambo."

"Ndiyo."

"Hili hata mzee wa Kiranjeranje amelielewa lake. Mimi nataka langu." Akaweka simu juu ya mkeka. "Mbele ya ukoo ulitamka jambo kwa jina, Marietha. Leo jina lake limepotelea wapi?"

Anthony akasema, "Jamani, wageni hawajala. Hamida, chapati."

Hakuna aliyegusa chapati.

"Cherehani," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Cherehani cha mama. Hukukichukua wewe. Nilisema nimeona, na sikuona. Nilikuwa nimelala. Nimejua miaka minne, nikanyamaza. Nisamehe, kaka."

Stephano akainamisha kichwa. Shangazi wa kijana akampa leso. Alipoinua uso, ulikuwa uso wa kaka yangu wa zamani, yule aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano.

"Nimekusamehe," akasema. "Naweza kuhama mkeka huu nikakaa kwenye kiti cha mjomba sasa hivi. Mzee Bashiru atanipisha."

"Hata sasa," akasema Bashiru, akaanza kujiinua.

"Ila nikikaa hapo nitaulizwa kama namkabidhi binti wa nyumba hii, na nyumba ninayoizungumzia lazima niijue. Umejua miaka minne. Basi umejua na aliyekichukua. Ni nani?"

Nikawatazama wazee wa Mtanda. Walikuwa wametega masikio, wazee wenye heshima zao, waliokuja kuposa kwa baba mwenye jina zuri. Nikimtaja, watasema wameposa kwa mwizi. Nisipomtaja, kaka yangu anaondoka mara ya pili, na posa anaondoka nayo. Justa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pindo la gauni lake kwa mikono miwili.

"Yumo humu ndani," nikasema.

Kiti kikalia. Anthony alikuwa ameinuka, ameinama, anapapasa chini ya meza kutafuta ndala zake. Alipata ya kushoto.

"Baba," akasema Justa, "wageni bado wapo. Unakwenda wapi?"